Upindo wa Joho la Wakili

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vitambaa
Jumapili, nguo zikiwa kambani

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Kabla hujauliza lolote, jua kwamba mumeo ndiye mwanamume hodari kuliko wote walio hai: nimeipeleka serikali mahakamani, na imetoka jasho. Kaa vizuri usije ukaanguka kwa fahari.

Magoti yanasemaje? Na lile jino moja bado linatawala? Mimi mzima, nimenenepa, wasichana wa mtaa huu hawalali, ila usiwe na wivu. Mwandiko umelala chali, usiucheke, nitakueleza.

Unakumbuka nilivyokuja huku na karatasi zangu zote halali, yule askari wa uhamiaji mpakani akasema sifanani na picha yangu. Kweli, nimeizidi. Lakini kwa kosa hilo la uzuri alinifungia wiki nzima katika chumba chenye maji sakafuni. Nilipoomba blanketi, akaubamiza mlango kidole gumba cha kulia kikiwa katikati. Dawa sikupewa. Wakaja kunitoa kama kuku bandani, hata samahani hakuna.

Watu wakaniambia, mwenye nguvu mpishe. Nikasema sipishi. Nikapata wakili, dada mwembamba kama sindano, na mchomo wake vilevile. Tukadai fidia kwa mambo mawili: kufungiwa bure, na kidole, maana hakikunjiki, na daktari amesema bila kupasuliwa kitabaki hivyohivyo. Fundi cherehani asiye na gumba, Bibi, ni mpiga pasi tu.

Siku ya kesi dada alinionya, "Mdogo wangu, jibu unaloulizwa tu. Huo mdomo uache nyumbani."

"Dada, tumezaliwa pacha huu na mimi."

Askari alipobanwa kuhusu yale maji, akasema walikuwa wanadeki. "Wiki nzima mnadeki?" akauliza hakimu. Watu walicheka hadi karani akaangusha kalamu. Na tumeshinda, Bibi! Wameamriwa wanilipe kwa kunifungia na waniombe radhi kwa maandishi. Radhi yenyewe nimeitundika juu ya cherehani. Wateja wanaisoma wakisubiri kupimwa.

Msalimie Baba Mdogo, aliyesema siwezi kushinda hata karata. Msalimie Shangazi na pacha wake watundu. Mungu akuongezee miaka, na jino asiliguse.

Sasa lile dai la pili, lililoharibika. Wakili wa serikali alivaa joho lililofumuka upindo. Asubuhi nzima unaning'inia mbele yangu, unaniwasha macho. Akanisogelea. "Fundi, kwa hiyo hata upindo huu huwezi kuushona?"

Bibi, unanijua. "Nani asiweze?"

Sindano yenye uzi haikosi kwenye ukosi wangu. Nikaishika kwa kushoto, nikabana kitambaa kwa kiwiko, nikampigia mshono wa kuficha ambao hata mwenyewe hauoni. Akanishukuru vizuri sana, kisha akamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, mdai anashona."

Dada alijifunika uso kwa faili.

Kwa kidole sikupata kitu. Tunakata rufaa, na safari hii nitaingia nimeziba mdomo kwa plasta. Lakini kwa sasa gumba limesimama kama kijiti, napiga pasi nguo walizoshona wengine, na barua hii nimeiandika kwa mkono uleule ulioniponza.

Wako akupendaye kwa mikono miwili, japo unaoandika ni mmoja,
Mumeo Mdogo