Makofi Ndani ya Ndege

Kijijini, nje ya Iași
Jumatatu

Valeriu mume wangu,

Huku tu wazima. Kabichi tulizotia chumvi pipani zimechachuka vizuri. Goti la mama yako limepata nafuu, ila mdomo wake haujapumzika. Natumaini huko Torino mvua haijasimamisha ujenzi.

Kuna jambo dogo linanikera. Siku ile ulipokuja likizo, ulinipigia saa tano asubuhi. "Sorina, ndege imechelewa, ndiyo kwanza tunaondoka Torino. Mhudumu ananikazia macho, nazima simu!" Nyuma yako nikasikia watu wanapiga makofi. Nikauliza, "Hao wanashangilia nini?" Ukakata.

Saa kumi na mbili jioni ukaingia, unalalamika safari imekuchosha, na kidevu kimenyolewa kinang'aa, unanukia sabuni ya waridi. Nikakupa supu.

Jana nimemsimulia mama yako, ambaye hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Alicheka mpaka akashika goti. "We mwanamke! Watu wetu wanapiga makofi magurudumu yakigusa ardhi. Nani anamshangilia rubani kabla hajafanya kazi?" Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

Kutoka uwanja wa ndege wa Iași hadi kwetu ni nusu saa kwa basi, Valeriu.

Krismasi ukija, usijisumbue kunipigia. Nitakuwa pale uwanjani, kwenye mlango wa kutokea, tangu asubuhi. Nitapiga makofi.

Mimi, ambaye bado ni mkeo,
Sorina