Sikio la Kushoto

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya usafi. Humu kituoni angani kila kinachopotea huelea mpaka kwenye wavu wa feni, kwa hiyo kusafisha feni ni kama kwenda mnadani. Leo nimeokota kijiko, kitana changu na soksi ya Savely. Kamanda mzima, soksi moja! Nikampelekea kwa heshima zote. Akakana, eti si yake. Ina jina lake!

Halafu nikapiga chafya. Moja tu. Ikanisukuma nyuma mpaka mlango wa choo. Zhanibek akacheka hadi akajigonga dari. “Dada Faina, injini imewaka!”

Ni vumbi tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Si vumbi.

Zhanibek alipopanda huku wiki mbili zilizopita alituletea vitu viwili kutoka kwao Kazakhstan: mfuko wa kurt, yaani jibini kavu ngumu kama kokoto, na mafua. Karantini yote ile, na bado! Yeye keshapona. Sasa zamu yangu. Na huku kamasi hazina pa kushukia. Zimekaa tu kichwani, kama wageni wasioaga.

Ijumaa natoka nje na Savely. Hatimaye! Hii ni safari yangu ya pili na ya mwisho. Mwezi ujao narudi duniani, na hakuna atakayemrusha tena mwanamke wa miaka hamsini. Miaka yote hii nimetengeneza mabomba ya ndani huku wenzangu wakitoka. Safari hii ni mimi. Tunakwenda kufungua kisanduku cha mbegu za shayiri kilichokaa nje mwaka mzima, kirudi duniani na kapsuli Jumatatu. Hakuna kuahirisha.

Daktari wetu wa duniani akijua nina mafua, anatoka Zhanibek badala yangu. Aliyeniambukiza! Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo daktari hatajua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Pampu ya mkojo imekufa tena. Ikifa hiyo, mkojo hausafishwi, na hatuna maji ya chai. Nimeshinda asubuhi nzima kichwa kikiwa ndani ya kabati lake, bomba moja likanitemea usoni. Sikusikia harufu yoyote! Mafua yana baraka zake.

Savely akaja na taulo puani, macho yanamtoka machozi. Akauliza nimewezaje kuvumilia.

“Mazoea,” nikasema.

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, “Faina Arkadyevna, nakujua tangu ulipokuwa unalalamika harufu ya samaki wangu wa kopo.” Akaondoka. Pampu inafanya kazi. Chai ya jioni ilikuwa tamu, au ndivyo walivyosema wenzangu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekula hreni, ule mzizi wa kuwasha, nusu kopo. Machozi yametoka na kubaki machoni kama gundi. Pua haikujali.

Leo daktari Agnia Lvovna alikuwa kwenye kamera. Nikajibu kwa kutikisa kichwa na kutabasamu, asije akasikia sauti yangu ya puani. Akasema naonekana mchangamfu sana leo. Zhanibek pembeni akajifanya anakohoa ili asicheke, na daktari akatumia dakika zote zilizobaki kumuuliza yeye kuhusu kikohozi. Masikini!

Usiku nimebana pua na kusukuma hewa ili kuzibua masikio. Sikio la kulia limezibuka. La kushoto kimya.

Jumatano, 16 Oktoba

Asubuhi sayansi: kufuta ukungu nyuma ya mbao za ukuta na kuutia kwenye vichupa. Ukungu wetu una afya kuliko mimi.

Mchana kujaribu mavazi ya nje, yako mawili tu. Langu lina mikanda ya ndani ya kufupisha miguu, nimeikaza mpaka tundu la mwisho. Zhanibek ana miguu ya twiga. Akitaka kuingia humo, kila mguu ulegezwe matundu manne. Akawa ananifungia mgongoni, akainama na kuninong'oneza:

“Dada, la kushoto, siyo?”

“Lipi?”

“Usinizuge. Mimi nililala nalo siku sita. Hata duniani, nikiziba hivyo, kushuka ngazi tu nilikuwa naona nyota.”

“Unaitaka nafasi yangu, sema!”

“Naitaka, nani asiyeitaka? Lakini siitaki hivi.”

Nikamwambia afunge mkanda na mdomo. Nimekasirika mpaka sasa. Nimekasirika kwa sababu najua. Tukirudi ndani, shinikizo la hewa linaporejea, sikio lililoziba linaweza kupasuka. Nikiduwaa kwa maumivu, kazi ya kurudisha hewa inasimama, na Savely yuko nyuma yangu na oksijeni yake inahesabika. Mficha maradhi kilio humfichua. Sawa. Lakini kilio cha nani?

Kurt tatu kabla ya kulala. Zhanibek ameziweka kwenye mfuko wangu wa kulalia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kipimo cha mwisho. Daktari kwenye kamera. Savely kabana pua, kasukuma, yote mawili safi, kajisifu kama kawaida yake. Kisha mimi. La kulia, pa! La kushoto, hola. Nikasukuma tena mpaka nikaona vimulimuli.

“Faina Arkadyevna, yote mawili?”

“Samahani mama daktari, kuna kitu kimeachwa wazi huku, nakuja.” Nikasukuma ukuta kwa mguu, nikapaa mpaka chumba cha mavazi. Hakuna kilichoachwa wazi. Naandika hapa ili mikono iwe na shughuli.

Vazi langu linaning'inia, mikono imeinuka kama mtu anayesalimu amri. Lina mstari wa bluu. Nimelitamani hili jinga kwa miaka.

Zhanibek anaita: “Dada, daktari anangoja!” Savely anamwambia amwache mtu. Hajaniita mwenyewe. Hajaniambia lolote kuhusu hili tangu Jumatatu, mzee huyu, na anajua kila kitu.

Nimeingiza mkono ndani ya vazi, nikaushika mkanda wa mguu wa kushoto. Ukaguzi tu. Nalegeza tundu la kwanza. La pili. La tatu. La nne.

Daktari ananiita tena, mara hii kwa sauti ya kazi.

Nakuja, nimemjibu. Bado mguu wa kulia.