Ile Shape Muyomba Alikatala Kufunika

Bukavu, ku Cimpunda, siku ya Mungu nyuma ya misa

Maman yangu mupenzi,

Nakusalimia na moyo yote, weye na batu yote ya nyumbani Luhwindja. Muguu yako inaendelea namna gani? Na ile mbuzi ilikuwa inakaribia kuzaa, ilizaa? Mimi mwili iko muzima. Huku mvua inanyesha kila siku, batu banashuka Cimpunda wakishika kuta ya majirani ili basianguke. Maman Nabintu, mujane ya muyomba Bisimwa, ndugu yako, anakula kidogo, lakini anakula.

Barua yako katekista alinifikishia. Unaniuliza neno moja tu: kama ni kweli nilimuacha ndugu yako ku kazi, mbele ya batu. Maman, ni kweli. Weye ndiye ulimubeba mu mugongo wakati mama yenu alikufa. Ni bora usikie yote kwangu kuliko kusikia ku soko.

Mimi na muyomba tulikuwa tunatengeneza nyumba ya mufanya biashara moja mukubwa, ndiye patron yetu. Alitaka balatum, ile zulia ya plastiki ya kulaza chini, mu salon, sababu binti yake alikuwa anaolewa. Unajua balatum haitaki chini yenye mashimo. Tulikwangua kole ya zamani, ile gundi ya kushikisha balatum, tukafagia, tukamwanga maji, muyomba akavuta kamba toka ukuta mupaka ukuta. Kisha tukalaza shape, ile sima na muchanga yenye tunasawanishaka na regle, ile mbao murefu ya kunyoosha. Muyomba alikuwa anapiga magoti, anaweka shavu karibu na chini kabisa, aone kama mwangaza unapita chini ya regle. Ukipita, anarudilia. Muchana muzima, na kile kifua yake yenye kukohoa.

Shape inaomba muda ili ikauke, na mu mvua hii inaomba zaidi. Juma ya pili patron alikuja, akapapasa na mukono.

"Imekauka. Kesho mulaze balatum."

Muyomba hakubishana. Alimuonyesha kipande ya sashi ya plastiki yenye alikuwa ameshikisha chini tangu jana yake. Akaifungua polepole. Ndani ilijaa matone.

"Citoyen, juu imekauka, ndani iko maji. Tukiifunika leo, maji haina fasi ya kutokea. Utupatie juma tatu."

"Harusi iko siku ya posho, juma hii hii."

"Basi batu bacheze juu ya sima. Balatum itakuja nyuma."

Patron akanigeukia mimi. "Na weye? Utaweza?"

Maman, nilifikiri mambo mingi mara moja. Patron alikuwa na nyumba zingine za kutengeneza. Na mimi niko na miaka makumi tatu, batu bananiita bado mutoto ya Bisimwa. Nilisema, "Nitaweza, Patron."

Muyomba aliniangalia. Alitia vyombo yake mu gunia, akashuka muteremuko. Ile mangaribi tulikula bugali ku sahani moja, na aliniuliza tu kama mboga ya sombe iko na chumvi.

Nililaza balatum. Ilipendeza, batu bakacheza. Patron akanipatia nyumba ya pili. Mu ile wakati kifua ilianza kumukaza muyomba kabisa. Maman Nabintu ndiye alimupeleka ku hospitali, peke yake. Mimi nilikuwa ku kazi.

Kisha patron akanitumia mutu. Balatum ilikuwa imevimba katikati ya salon kama tumbo. Nilipasua na kisu. Kole iligeuka uji mweusi, na harufu ilipanda mupaka muke ya patron akafungua madirisha yote.

Nilienda ku hospitali palepale, kole ingali ku vidole, ili nimuombe musamaha. Nilimukuta amekonda, sauti inatoka kidogo. Mbele nifungue kinywa, yeye akaniuliza, "Ile salon, chini iko namna gani?"

Sijui nini ilinishika, haya ao huruma. Nilisema, "Iko muzuri, muyomba. Imeshika muzuri."

Kisha akasema, "Basi nilikosea mimi. Ulikuwa na haki, mutoto wangu. Nimezeeka." Akafunga macho.

Nilijiambia nitarudi kesho, nimuambie kweli. Kesho yake patron alitaka balatum itolewe yote, sikuenda. Kesho kutwa Maman Nabintu alikuja kunitafuta ku kazi, kitambaa ya kichwa imefunguka, na nilijua mbele aseme.

Tulimuzika hapa sababu barabara ilikuwa imekatika, hiyo unaijua. Bafundi balikuja bengi, kila moja akasimulia kazi ya Bisimwa. Nilitaka kusimama niseme. Nilibaki nimekaa.

Ile kole niliikwangua yote mimi mwenyewe, nikalaza shape mupya. Nilimuambia patron sitaifunika mbele mwezi muzima uishe, akitaka atafute mwengine. Hakutafuta. Maman Nabintu pia nilimuambia kila kitu. Alilia sana. Kisha akasema, "Ile siku ulitoka ku hospitali, alinituma nikuombe musamaha kwa ajili yake. Sikupata namna ya kukuambia."

Maman, asubui na mangaribi unaombaka juu ya ndugu yako. Mimi ninapiga magoti, maneno haitoki. Weye alikusikilizaka tangu mutoto. Umuambie ile chini ilikuwa na maji. Umuambie hakukosea.

Unisalimie papa. Unisalimie dada Cibalonza na bwana yake mwenye kuchimba zahabu, ajichunge na mashimo mu hii mvua. Umusalimie katekista, na ule muzee koko wa jirani kama macho yake ingali inaona.

Ukitaka kunikasirikia, unikasirikie. Lakini uniandikie.

Mimi mutoto wako wa tumbo,
Murhula