Nusu Yangu, Nusu ya Baba Zuhura

Newala, Alhamisi. Ukungu umekaa mpaka saa nne, na mimi nimekaa nao.

Leo nimepokea majibu ya vipimo vya Zuhura. Miezi saba baada ya kumzika.

Mwanangu aliishi siku kumi na tisa. Alizaliwa na kifua chembamba, na mifupa laini kiasi kwamba kwenye picha ya eksirei ilionekana kwa shida. Kila nilipombadilisha nepi alilia, mpaka nikaogopa kumshika.

Nilimwogopa mwanangu mwenyewe. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Mama mkwe alisema nilimharibu mtoto kwa kubeba ndoo za maji nikiwa na mimba. Mume wangu hakunitetea. Baada ya arobaini alikwenda kwao Chiungutwa, kwenye mikorosho, na hajarudi. Nyumba ina vyumba viwili na vyote naona ni vikubwa.

Daktari alinieleza taratibu. Kuna jeni inayouwezesha mwili kutengeneza kimeng'enya cha kukomaza mifupa. Damu tuliyotoa mimi na mume wangu kabla hajaondoka inaonyesha nina nakala moja yenye hitilafu, na yeye ana moja. Sisi hatuumwi kwa sababu nakala zetu za pili ni nzima. Zuhura alirithi mbovu zote mbili.

"Hakuna ulichokosea, Mama Zuhura."

Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Nililia mpaka nikaona aibu.

Nikauliza kuhusu mtoto mwingine. Akasema kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuumwa kama Zuhura. Robo. Nimeizungusha kichwani njia nzima, sijui ni kubwa au ndogo.

Mchana nikampigia mume wangu. Nikamsomea karatasi yote.

"Kwa hiyo na mimi nimo," akasema.

"Na wewe umo."

Kisha akasema, "Mama asijue."

Miezi saba nimeubeba mzigo huu peke yangu, na yeye kaushika kwa dakika moja tu, tayari anatafuta pa kuuficha.

"Atajua," nikamwambia. "Kesho nakuja, nitamweleza mwenyewe."

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Karatasi nimeshaiweka kwenye mkoba. Nitamwamkia mama mkwe shikamoo kwa heshima zote, kisha nitaomba tukae sote watatu.

Je, mume wangu atakaa upande wa nani?