Bawa Linalopinda na Kamba ya Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje huko Ipole, na goti lako linasemaje na baridi hizi za asubuhi? Mimi mzima. Nimepungua kidogo, lakini usianze kuhangaika, ni kwamba chakula cha huku Ujerumani kinapikwa kama cha mgonjwa.

Barua hii anakuja nayo Mama Farida wa Mtendeni, yule wa duka la vitenge, aliyekuja huku kumtazama binti yake aliyejifungua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatukuelewana. Ulisema lako, ukampa Shija simu, ukatoka nje. Basi leo Shija atakusomea, nawe hutaweza kunikatia. Shija mdogo wangu, soma polepole, na usiruke pale pasipokupendeza.

Mama, nataka kwanza uielewe hiyo ndege tunayoitengeneza huku, maana naona umeambiwa nusu nusu. Siku ile mliponisindikiza uwanja wa ndege Tabora, uliona ndege ilipokuwa inatua, vibao vilitoka nyuma ya mabawa vikainama. Ulishtuka ukasema, "Jamani, inabomoka!" Watu wakageuka kututazama. Sasa hii yetu haina vibao. Bawa ni zima, limevikwa ngozi laini inayovutika, na ndani yake mna mifupa inayosukumwa na mota. Rubani akitaka kutua, bawa lenyewe linajikunja upande wa nyuma. Akitaka kwenda mbali, linanyooka. Ni kama mwewe anayekuibia vifaranga: akielea juu ameyatandaza mabawa, akikusudia kuchukua anayabadilisha. Najua humpendi huyo mwewe, lakini hujawahi kumwona ameanguka.

Kazi yangu ni hiyo ngozi. Tunaikata, tunaipaka gundi, tunaivuta juu ya mifupa mpaka isibaki na mkunjo. Mkono ukitetemeka tu, hewa inaingia chini yake na tunaanza upya, na mkuu wetu, Bi Ulrike, anakuwekea tu kipande kipya mezani. Heri angefoka. Mwanzoni nilikuwa narudi nyumbani nikilia kwa hasira. Sasa mkono umezoea. Ngozi ya bawa la kushoto ni yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakwambia bila aibu kwamba nikiipita naipapasa.

Tumelikunja na kulikunjua lile bawa pale karakana mpaka tukachoka kulitazama. Tumelitwisha mizigo. Kisha marubani wameirusha ndege peke yao, mara nyingi, na kuirudisha salama. Sasa wanataka mtu wa karakana apande nao, akae dirishani, aiangalie ngozi ikijikunja angani. Bi Ulrike amenitaja mimi.

Hapo ndipo nilipokupigia simu kwa furaha, nawe ukaniambia, "Nyamizi, usipande. Mimi nimeshamzika mmoja aliyeanguka kutoka juu."

Nililala na maneno hayo. Kesho yake nikampigia Mazengo, yule mtani wetu Mgogo anayesoma mji wa jirani, nikidhani atanichangamsha. Akaanza kama kawaida yake: "Ninyi Wanyamwezi kazi yenu ilikuwa kubeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, leo mnataka kubebwa? Haya, panda. Ukianguka, kwenye matanga mimi ndiye mwenye jungu." Siku zote namjibu mpaka anakimbia. Safari hii nilinyamaza, naye akashtuka, akasema, "Dada, vipi, nimekukosea?" Ikabidi nimweleze habari ya Baba.

Nilimweleza tulivyokuwa tukienda porini kutundika mizinga ya nyuki. Baba akifika kwenye mti anajifunga kamba aliyoipitisha juu ya tawi, anakupa wewe ncha ya pili, kisha anasimama ameshika shina. Hainui mguu. Anangoja mpaka umwambie, "Nimeshika." Hata siku mlizokuwa mmenuniana, hata kama hamjasemeshana tangu nyumbani, neno hilo ulilitoa. Na ukishalisema huondoki, huchumi uyoga, hata nikikuita kwamba nimeumwa na siafu. Nilikuwa nakuonea hasira kwa hilo, nikidhani unampenda Baba kuliko mimi.

Siku ile Baba alipoanguka uliishika kamba, Mama. Nilikuwepo. Lile tawi lilikuwa limeliwa na mchwa kwa ndani, nje likionekana zima. Lilikatika pale pale, na kamba ilikuwa imezungushwa kwenye tawi hilo hilo. Najua hujalisema kwa mtu, lakini nilikuona ulivyoikunja ile kamba usiku wa msiba ukaifungia sandukuni, na tangu hapo hukumruhusu Shija kupanda hata mpapai. Hukuiachia. Nataka Shija akusomee hapo tena: hukuiachia.

Sitakudanganya kwamba huku hakuna hatari. Hata Bi Ulrike hajaniambia hivyo. Naogopa. Lakini nataka kupanda, Mama, nataka sana. Nimelivika bawa lile kwa mikono yangu, na sijawahi kuliona likifanya kazi yake. Nikikataa hakuna atakayenilaumu, atakwenda mwingine, nami nitabaki uwanjani nikitazama juu.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kanga alizoziomba nimeziona kwa Mama Farida mwenyewe, kwa hiyo akazidai huko huko. Msalimie baba mdogo wa Choma na ng'ombe zake, yeye hupenda zisalimiwe kwanza. Na mama mkubwa, anayesali kwa ajili yangu kila asubuhi, mwambie aongeze kidogo.

Ndege itaruka Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi. Sikuombi uiamini, wala sikuombi ufurahi. Hata ukiendelea kuninunia, sawa. Nakuomba uitoe ile kamba sandukuni, ukae nayo mlangoni, halafu umwambie Shija anitumie sauti yako kwenye simu. Neno moja tu, unalijua. Nisipolisikia nitamwambia Bi Ulrike amtafute mwingine, na sitakulaumu kamwe.

Mimi nimesimama hapa chini, nimeshika shina. Sijainua mguu.

Mwanao,
Nyamizi