Kuhusu Ile Eriali

Baba Wanjiru,

Kile kipindi chako cha wazima moto kimerudi, Alhamisi baada ya habari. Nasema chako, na wewe hukuwahi kukiona mpaka mwisho hata siku moja.

Hapa Kamenu tuko salama. Buti zako za kazi bado ziko nyuma ya mlango, usiniulize kwa nini. Huo ugonjwa wa kifua uliokuchukua nimeulaumu mpaka nimechoka. Leo nataka kukuambia habari ya eriali.

Unakumbuka vile tulikuwa tunakaa? Wanjiru chini kwa mkeka akitutafsiria Kizungu, mimi na bakuli ya njugu, wewe kwa kile kiti kinalia. Mwanzoni ulikuwa unatuchekesha. "Kwani hao watu maji yao haiishi?" Ati nyinyi wazima moto wa faya ya Thika mkipewa gari kama hiyo mtakuwa mnalala ndani yake. Halafu king'ora kinalia kwa TV, gari inatoka, na wewe unasimama. "Hii picha iko na chenga. Wacha nigeuze eriali."

Tunakusikia huko nje: "Imeshika?" Nasi tunapiga kelele, "Bado!" Wakati mwingine ilikuwa imeshika kitambo, tumesahau tu kukuita. Unarudi moto umeshazimwa, ni matangazo. Nami nakusimanga mbele ya mtoto: wewe ni mtu wa aina gani, huwezi kukaa na watu wako hata kidogo?

Alhamisi iliyopita king'ora kikalia, Wanjiru akasimama. "Mami, wacha nigeuze eriali." Nikangoja aulize kama imeshika. Nikatoka, nikamkuta ameshika ile bomba ya eriali kwa mikono miwili, analia bila sauti. Nikajaribu kuigeuza mimi mwenyewe, nikifikiri imemshinda. Haigeuki, Baba Wanjiru. Uliifunga na waya ukutani, ukaizungusha na kuizungusha, na hiyo waya imeshika kutu ya zamani. Ngai! Hukuwa unageuza kitu.

Na mimi si mjinga. Nilijua Njoroge wenu wa faya aliingia na wewe kwa ile nyumba iliyoungua Gatongora, huko Ruiru, na akabaki ndani. Siku hiyo ulirudi, ukaoga, ukasema, "Leo kulikuwa na joto kidogo," ukaomba chai. Nikaleta chai. Aki nilileta chai tu! Hata tulipotoka kumzika sikukuuliza neno, nikaona ni heri nikuache, mwanaume akitaka kusema atasema. Kumbe kila Alhamisi uko hapo nje kwa baridi, umeshika bomba, unangoja TV imalize kuchoma watu. Na mlango uko wazi. Ningetoka tu, hata kama sina la kusema, nikuletee sweta. Hilo linaniuma kuliko hata siku tuliyokuzika.

Wanjiru aliniambia hapo hapo nje kwamba siku zote alidhani unatoka kwa sababu hupendi kukaa na sisi. Hayo aliyatoa wapi kama si kwa mdomo wangu? Nikamweleza yote kuhusu Njoroge. Akauliza, "Kwa hivyo Baba hakuwa anatukimbia?" Nilimshika tu.

Kesho ni Alhamisi tena. Nakuahidi hivi: mtoto akisimama, nasimama naye. Tutatoka wote wawili na chai yetu, tukae hapo chini ya eriali yako mpaka aseme mwenyewe turudi. Na nitamuuliza. Akisema, kama wewe, kulikuwa na joto kidogo, nitamuuliza tena.

Haya, mume wangu, kwaheri. Imeshika. Ilikuwa imeshika siku zote. Ingia ndani sasa, huko nje kuna baridi.

Mama Wanjiru