Kahawa ya mama kwenye chujio

Ashura, uko wapi. Riyadhi wangu ameumbuka mbele ya mama yangu.

Mashine ya kufulia imegoma kukamua, nguo zinatoka zinachuruzika maji. Bwana mkubwa akamlaumu mama, eti kajaza mashuka.

Akafungua chujio la chini. Zikamwagika punje za kahawa. Kahawa ya kutafuna, Ashura. Ile mama anayompa kila tukienda kwake Ijumbi, kumbe Riyadhi alikuwa anaisifia utamu huku anaitia kwenye mfuko wa kanzu.

Mama akaokota moja, akainusa. “Hii si yangu?”

Riyadhi akainama, akajifanya anasafisha chujio.

Mama akafungua mkoba, akamjazia kiganja. “Mkwe, hizi utazitafuna nikikuangalia.”

Mashine sasa inakamua vizuri. Riyadhi bado anatafuna.